Inua Siti Kwanza, Tangi Liache Lilipo

Chini ya siti ya nyuma ya Toyota IST, ukishaling'oa lile godoro la kukalia na kukunja kapeti, utakuta kipande cha bati chembamba kimebandikwa sakafuni kwa gundi nyeusi inayonata vidoleni. Ni kipana kidogo kuliko kiganja cha mtu mzima. Ukikibandua, utakuta plagi ya umeme, paipu ya mafuta na kichwa cha pampu. Kiwanda kiliacha nafasi hiyo makusudi, ili siku pampu ikifa fundi asihangaike na tangi zima. Magari mengi madogo tunayopishana nayo kila siku hapa Mwanza kati ya Nyakato na mjini yana mfuniko wa namna hiyo: Vitz, Raum, Spacio, Premio, Corolla.

Lakini pita kwenye gereji za Mwanza siku yoyote ya kazi. Hukosi kuona gari dogo limepandishwa juu ya magogo, bomba la moshi limefunguliwa, tangi limelazwa chini kwenye vumbi, na mwenye gari ameambiwa arudi kesho jioni. Akirudi anaambiwa bolti za bomba la moshi zimekatika kwa kutu, inabidi zichomelewe nyingine. Siku ya tatu anakabidhiwa gari lenye pampu mpya na mlio mpya uvunguni. Kazi ambayo ingekwisha asubuhi moja imemlia siku tatu na fedha ya ufundi mara mbili, na siti ya nyuma haijaguswa.

Naliandika hili kwa uchungu kwa sababu magari haya si ya anasa. Kwa mwalimu wa Igoma au muuza dagaa wa Mwaloni Kirumba, kigari hicho ndicho mtaji. Kikilala gereji siku tatu, kuna biashara iliyokufa siku tatu.

Pampu ya mafuta mara nyingi haifi ghafla. Huanza kwa kuchoka, na jiji la milima na mawe kama Mwanza huugundua uchovu huo mapema. Gari linakwenda vizuri kabisa kwenye tambarare ya Barabara ya Kenyatta, lakini likianza kupanda Bugando au Isamilo likiwa na watu wanne linakosa pumzi katikati ya mlima. Unakanyaga mafuta, haliitiki. Ukifika juu linapata nafuu, nawe unajiambia labda ni plagi. Dalili nyingine hujitokeza mchana wa jua kali: umezima gari sokoni, umerudi baada ya robo saa, unapiga stata injini inazunguka tu haishiki. Ukisubiri likapoa, linawaka kana kwamba halijawahi kuugua. Wengine husikia mvumo mwembamba kutoka nyuma, kama wa nyuki, unaokua wiki hadi wiki.

Kuna jambo lililobadilika huku kwetu ambalo limeziumbua pampu zilizochoka. Hadi Juni 19, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua Daraja la J.P. Magufuli, aliyekuwa akienda Sengerema au Geita alisimama Kigongo kusubiri kivuko. Injini ilizimwa, gari likapoa, pampu ikapumzika. Sasa zile kilometa 3 za maji kati ya Kigongo na Busisi unazimaliza kwa dakika chache, na michomoko, vile vigari vya abiria, inatoka Mwanza hadi Geita bila kupumzisha chochote. Hilo ni jema kwa abiria na kwa mgonjwa anayewahishwa Hospitali ya Bugando. Kwa pampu iliyobakiza miezi michache, ni safari ndefu ya moto mfululizo. Na gari likizimika ghafla juu ya daraja, huku malori yanakuja nyuma kwa kasi, hilo si suala la usumbufu tena.

Kwa nini basi pampu ikafichwa ndani ya tangi? Zama za kabureta, kwenye Land Rover na Peugeot za zamani zilizotawala barabara zetu, pampu ilikaa ubavuni mwa injini na kuendeshwa na injini yenyewe. Fundi aliifungua akiwa amesimama wima. Presha yake ilikuwa ndogo, na kabureta haikuhitaji zaidi. Injini za leo zinapuliza mafuta kwa nozeli, na nozeli inataka presha ya kweli. Injini ya IST ya sisi 1500, ile inayoitwa 1NZ-FE, inataka presha kati ya 44 na 50 kwenye kipimo kilekile ambacho mtu wa pancha anatumia kulijaza upepo tairi lako mpaka 30 na kidogo. Kusukuma mafuta kwa nguvu hiyo kunataka mota ya umeme, na mota hiyo huzunguka saa zote gari linapokuwa limewaka. Imetumbukizwa kwenye petroli ili ipoe: mafuta yanapita ndani ya mota yenyewe, yanaondoa joto na kulainisha sehemu zinazosuguana.

Hapo ndipo mazoea yetu yanapoiua. Dereva anaweka mafuta ya shilingi elfu tano, taa ya mafuta inawaka kutwa, jioni anaweka ya elfu tano nyingine. Tangi likiwa tupu kiasi hicho, kwenye kona na kwenye milima ya Mabatini pampu inavuta hewa badala ya mafuta. Hewa haiipozi wala haiilainishi. Tena uchafu wote uliotulia chini ya tangi kwa miaka unafika mdomoni mwake. Tukumbuke pia umri: IST ya kwanza ilianza kuuzwa Japani mwaka 2002. Nyingi tunazoendesha zimetembea nchi mbili na pampu ileile.

Uchafu nao una historia yake. Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka miaka ya uchakachuaji, petroli ilipokuwa ikichanganywa na mafuta ya taa kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa na bei ndogo. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya mchezo ule iishe. Mambo yalitengemaa sana. Lakini kandokando ya ziwa, kwenye vijiji na visiwa ambako kituo cha mafuta kiko mbali, petroli bado inauzwa kwenye chupa na madumu. Dumu lililochotewa maji jana leo lina petroli. Maji na mchanga vinaingia kwenye tangi moja kwa moja.

Si kila pampu hufa kwa makosa ya dereva, lazima niseme. Mwaka 2020 Toyota ililazimika kuyaita magari zaidi ya milioni moja Marekani peke yake kwa ajili ya pampu zilizotengenezwa na Denso. Kipangaboi cha plastiki ndani ya pampu kilikuwa kikinyonya petroli, kinavimba, kinakwama. Kiwanda kikubwa namna hiyo kilikosea kwenye kitu kinachoenea mfukoni.

Kabla ya kununua pampu, hakikisha ndiyo mgonjwa. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu gari lisilowaka kwa kukosa mafuta na gari lisilowaka kwa sababu nyingine hufanana. Anza na fyuzi na rilei. Hizo ni za bei ya soda. Kisha fungua mfuniko wa kujazia mafuta, tega sikio pale, mwenzako apige stata. Pampu nzima utaisikia ikivuma. Ukikuta kimya, inua siti, chomoa plagi ya pampu na upime kwa mita au taa ya kupimia umeme wakati stata inapigwa. Umeme wa volti 12 ukifika pale na pampu imenyamaza, umempata mhalifu. Umeme usipofika, pampu haina kosa: tafuta waya, rilei au kitu kingine, na mtu asikuuzie pampu siku hiyo. Ikiwa umekwama njiani, kuna mbinu ya mafundi wa zamani ya kugongagonga tangi kwa chini kwa kipande cha ubao huku stata ikipigwa. Mota iliyokwama huweza kushtuka ikazunguka. Itakufikisha nyumbani, na ukifika usiitegemee tena.

Kazi yenyewe sasa. Mtu mwenye utulivu na spana chache anaiweza, iwe yeye ndiye mwenye gari au kijana wake aliye VETA. Ninachoomba ni aipe heshima inayostahili, maana anafungua tangi la petroli.

Chagua nje, penye hewa, si ndani ya banda. Pawe mbali na jiko la mama lishe, mbali na mtu anayechomelea, na anayevuta sigara aondoke kabisa. Kizimamoto cha gari kiwe karibu, kile kilichojazwa kweli. Tangi liwe na mafuta kidogo, robo inatosha, kwa sababu likijaa, petroli itakuwa imefika kwenye mfuniko na kumwagika ukilegeza tu. Kisha inua siti na ubandue bati lile jembamba polepole kwa bisibisi bapa ukizunguka kingo zake, usilikunje, maana litarudi. Sasa toa presha: gari likiwa linaunguruma, kama bado linawaka, chomoa plagi ya pampu, liache lizimike lenyewe kwa kukosa mafuta, piga stata sekunde chache tena. Ndipo uchomoe waya wa hasi wa betri. Usianze na betri kabla ya kutoa presha, la sivyo paipu itakurushia petroli usoni.

Na hapa ndipo wengi wanaharibu: wakishaona kichwa cha pampu wanakimbilia kukifungua. Kitazame kwanza. Kuna vumbi jekundu la miaka, mchanga, sarafu, na kwenye magari ya watu wa Mwaloni nimeshaona hadi dagaa wakavu wamegandamana pembeni. Vyote hivyo viko sentimeta mbili kutoka kwenye mdomo wa tangi. Chukua brashi ya rangi na kitambaa, safisha mpaka plastiki ya kichwa ionekane rangi yake. Dakika kumi za kufuta vumbi hapo ndizo zinazoamua pampu mpya itaishi miaka mingapi.

Paipu ya mafuta ina kibanio cha plastiki. Funika kwa kitambaa, bana pande mbili, vuta. Usikipindue kwa koleo. Plastiki iliyozeeka kwa joto huvunjika, na kibanio kimoja kikivunjika utaanza kutafuta paipu nzima. Weka alama kwa kalamu kuonyesha kichwa kimeelekea wapi. Magari ya zamani yana bolti ndogo kuzunguka kichwa; mengine yana pete kubwa ya plastiki inayofunguka kwa kuzungushwa. Pete hiyo igonge kwa kipande cha mbao, kamwe si kwa patasi na nyundo ya chuma, kwa sababu cheche moja inatosha.

Unapoipandisha pampu, iinamishe kidogo kidogo. Ina mkono mwembamba wenye boya linalopima kiasi cha mafuta. Ukiuvuta kwa nguvu utapinda, na geji ya dashibodi itakudanganya kuanzia siku hiyo. Iache idondoshe mafuta ndani ya tangi kabla ya kuitoa nje. Kisha angalia chini yake, penye kichujio cha wavu. Kikiwa kipya huwa cheupe. Nilivyozoea kuviona ni rangi ya kahawa, vimeganda tope laini, na ukivibonyeza vinatoa punje za kutu. Mulika ndani ya tangi kwa tochi iliyowashwa ukiwa mbali, si kwa simu unayoibonyezabonyeza juu ya tundu. Ukiona chini ni kweupe na kumetulia, endelea. Ukiona tope, maji yanayoteleza chini ya petroli au kutu inayobanduka, hapo fundi anayetaka kushusha tangi ana haki yake, kwa sababu pampu mpya kwenye tangi la tope haitafika mwaka.

Mara nyingi kinachohitajika ni mota yenyewe, kichujio chake na mpira wa kuzibia kichwa. Nyumba ya pampu inaendelea kutumika. Vitu viwili visifanyiwe mzaha. Waya ndani ya tangi usisokotwe na kufungwa gundi tepu, maana petroli huyeyusha gundi ile na tepu ikaishia kwenye kichujio. Tumia plagi ya kiwanda. Na kama kuna kipande cha mpira kinachounganisha mota na paipu, kiwe cha kuzamishwa kwenye mafuta. Mpira wa kawaida wa petroli umetengenezwa kupitisha mafuta kwa ndani. Ukizamishwa mwaka mzima unaoza kwa nje. Silikoni ya kuzibia nayo ikae mbali, petroli huila. Mpira mpya wa kichwa, basi.

Ukisharudisha kila kitu, usifunge siti. Rudisha betri, washa swichi na kuzima mara kadhaa, kisha piga stata, na gari likiwaka tazama kichwa cha pampu kwa macho yako huku unanusa. Pasiwe na hata tone. Ndipo bati lirudi na gundi yake mahali pake. Wapo wanaoliacha wazi wakidhani siti inatosha. Mvuke wa petroli utaingia ndani ya gari, na watoto ndio wanaokaa juu yake.

Si kila gari lina mfuniko huo mahali pamoja. Honda Fit tangi lake liko chini ya siti za mbele, kwa hiyo ukinyanyua siti ya nyuma hutapata kitu. Subaru zinazovuta kwa magurudumu manne zina tangi lililogawanyika pande mbili, na mifuniko huwa miwili; pampu iko upande mmoja. Kwenye pikapu, mara nyingi ni rahisi kufungua bolti za bodi ya nyuma na vijana wanne wakaiinua, kuliko kulala uvunguni na tangi kifuani.

Na yapo magari yasiyo na mfuniko kabisa. Hayo ndiyo yanayonitia hofu, kwa sababu wapo wanaoutengeneza kwa kukata sakafu kwa grainda, tangi likiwa chini yake. Agosti 10, 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka na kulipuka huku watu wakichota petroli, na hatimaye tukazika Watanzania zaidi ya 100. Taifa zima liliona kile ambacho mvuke wa petroli unaweza kufanya. Mvuke huo unashika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Hapa kwetu, kwenye joto la mchana, uko tayari saa zote. Ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kujikusanya uvunguni. Na tangi lililokaushwa mafuta si salama. Limejaa mvuke uliochanganyika na hewa, ni hatari kuliko lililojaa. Kama gari lako halina mfuniko, lipa tangi lishushwe. Hapo fedha hiyo ni halali ya fundi.

Siwasemi mafundi vibaya. Wengi walijifunza kazi chini ya mti kwa bwana aliyezoea magari ya aina nyingine, na walichoona ni tangi likishushwa. VETA inao utaratibu wa kuwapima watu waliojifunzia kazini na kuwapa vyeti, na fundi anayepitia huko hutoka na mengi zaidi ya karatasi. Mteja naye ana sehemu yake, na si lazima iwe ugomvi. Mama mmoja jirani yangu aliambiwa na fundi wake, "Mama, hapa tangi lazima lishuke." Akamjibu kwa upole, "Sawa mwanangu, ila kwanza niinulie siti tuone pamoja." Siti ikainuliwa. Bati likaonekana. Fundi akacheka, akachukua bisibisi, na tangi halikushuka.

Kuhusu spea: kabla hujaagiza, piga picha kibati chenye namba ya chesisi. IST inayoanza na NCP60 ni ya sisi 1300, NCP61 ni ya 1500, NCP65 ni ile ya magurudumu manne, na usidhani kilichoenea kwenye moja kitaenea kwenye zote. Ikikosekana madukani hapa, itatoka Kariakoo kwa basi na utaipokea stendi ya Nyegezi. Pampu iliyovuliwa kwenye gari lingine huuzwa kwa bei ya kuvutia, lakini ina umri uleule wa ile iliyokufa. Bora mota mpya ya bei ya kati kutoka kwa muuzaji atakayekubali kuipokea ikirudi.

Mafuta machafu yaliyotoka kwenye tangi yasimwagwe mtaroni. Mitaro ya mjini inaingia Mto Mirongo, Mirongo unaingia ziwani, na ziwani ndiko mitambo ya Capri Point na Butimba inakovuta maji tunayokunywa. Yaweke kwenye chombo cha chuma chenye mfuniko, yatulie, ya juu yaliyo safi yamimine upya kwa kuchuja. Ukikuta maji mengi au mchanga chini, na unajua ulijaza wapi, usiyatupe bado. Yabebe hivyo hivyo pamoja na risiti ya EFD, uanze na meneja wa kituo, na asipokusikiliza nenda ofisi ya EWURA ya Kanda ya Ziwa, iko hapa hapa Mwanza.